Kiti cha Bwana Cheka

Siku hiyo mjinga alikuwa Inspekta, na hakuna haja ya kumtafutia mwenzake. Wengine nao walikosea, lakini wao hawakuwa na cheo, wala ofisi yenye pazia, wala muhuri. Yeye alikuwa navyo vyote vitatu, na ilipotimu saa nne asubuhi alikuwa ameshavitumia kumkabidhi mtoto wa miezi sita kwa mwanamke asiye mama yake.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Wanawake wawili, mtoto wa kike mmoja. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani, mwembamba, mkongojo kwapa la kulia, ametoka hospitali jana yake. Alisema aligongwa na pikipiki, akalazwa miezi miwili na nusu, na mtoto akamwachia jirani wa ua mmoja. Wa pili ndiye huyo jirani, mama wa makamo, msafi, sauti ya taratibu. Ua mzima ulimwita Shangazi. Shangazi alisema huyu dada maskini amegongwa kichwa, si mguu. Mtoto ni wake, kamzaa mwenyewe, na fundi alikuwa akimpakata tu kama wapangaji wengine walivyompakata.

Wapangaji hawakusaidia. Wanawake hao wawili walihamia uani mwezi uleule, siku chache kabla ya ajali, na wengine wote huondoka alfajiri wakarudi giza limeingia. Walichokijua ni kwamba mtoto yuko mgongoni mwa Shangazi. Kliniki aliyojifungulia fundi ilikuwa mji mwingine, na simu yake, kwa kuwa ni Jumamosi, iliita mpaka ikachoka. Kadi ya mtoto? Fundi alisema alimwachia Shangazi pamoja na nepi. Shangazi alisema paa lilivuja.

Halafu Shangazi akafungua mkoba wake akatoa picha.

Ilikuwa picha nzuri. Mtoto wa miezi mitatu, gauni jeupe, ameketi wima kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cha bluu, macho mviringo, mate yanang'aa kidevuni. Nyuma ya picha kulikuwa na muhuri wa studio na tarehe.

"Dada," Inspekta akamgeukia fundi, "tarehe hii ulikuwa wapi?"

Fundi akaisoma. Akagonga meza kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kidole chenye kucha iliyopasuka katikati kama kwato ya mbuzi. "Wodini. Siku ya nne."

"Kwa hiyo hukumpeleka wewe studio."

"Nilimpeleka mimi. Kabla. Risiti ndiyo nilimpa huyu, nikiwa kwenye machela. Nikamwambia shangazi, nichukulie picha ya mwanangu uniletee niitazame. Hakuileta."

"Hiyo risiti iko wapi?"

"Si alikwenda kuitoa huko studio akapewa picha. Afande, unanisikiliza au unangoja ninyamaze?"

Inspekta akapiga simu studio mbele yao, ili haki ionekane. Mzee mmoja mkavu akafungua rejista akamsomea: tarehe, namba ya picha, jina. Jina lilikuwa la Shangazi. Inspekta akasema asante, inatosha, akakata.

Fundi akanyoosha mikono kumchukua mtoto. Mtoto akamtazama kama mtu anayetazama ukuta, kisha akapiga ukelele akajificha shingoni mwa Shangazi. Inspekta akaliandika na hilo.

"Dada yangu," akasema, akifunga jalada, "watu hugombana. Picha haigombani na mtu."

Aliipenda sentensi hiyo. Aliisema mara mbili.

Shangazi akaondoka na mtoto. Fundi hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, mguu mbovu umenyooshwa njiani, kila afisa anayepita lazima auruke. Saa tano Inspekta alitoka kwenda kunywa chai, naye akauruka.

"Afande, una watoto?"

"Sina."

"Inaonekana. Nenda kamuulize yule mzee nani alimshika mwanangu."

"Hakuna aliyemshika. Ameketi."

"Ameketi," fundi akarudia, akimtazama kutoka viatuni mpaka kofiani.

"Kama una la kusema, liseme."

"Nilisema asubuhi, ukaandika mengine. Nikisema tena utaandika nimegongwa kichwa. Nenda ukaambiwe na mwanamume mwenye rejista. Huyo ndiye unayemsikia."

Sajini alikuwa anapita na mafaili. Ni mama wa watoto wanne, na kwa hiyo haogopi mtu wa cheo chochote. Alichukua mkononi mwa Inspekta nakala ya picha iliyotolewa kwa ajili ya jalada, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Huyu ana miezi mingapi hapa?"

"Mitatu."

"Mitatu, na ameketi wima namna hii, kwenye kiti, hana mto, hana mkono wa mtu?" Akamrudishia. "Inspekta, wa miezi mitatu ukimkalisha hivyo anadondoka kama gunia. Wanangu wote wanne walidondoka. Nenda, mkuu. Nenda ukaulize."

Chai ikabaki.

Studio ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la miwani. Mlangoni kulikuwa na zulia na jozi moja ya viatu vya kike. Mwenye studio, kwa miaka thelathini, amekuwa akiwaambia watoto wa mji mzima "cheka, cheka kidogo," na ndiyo maana akaitwa Bwana Cheka. Yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kuyaona meno yake.

"Subiri," alisema bila kugeuka.

Inspekta akasubiri. Mbele ya kamera kulikuwa na kiti kirefu kilichofunikwa kitambaa cha bluu mpaka chini, na juu yake mtoto mchanga mwenye soksi za manjano. Bwana Cheka alikuwa amepiga goti moja, jicho kwenye kamera, mkono wa kushoto unaminya kuku wa plastiki. Kuku akalia. Mtoto akapiga chafya. Kuku akalia tena. Mtoto akafungua mdomo, na uso wake wote ukawa kicheko.

Kamera ikapiga mara tatu.

"Mzee," kiti kikasema, "nakufa joto huku."

Inspekta alirudi nyuma hatua moja, akakanyaga viatu vya watu.

"Tayari, mama. Toka," Bwana Cheka akasema.

Kitambaa kikafunuka, na chini yake akatokea mwanamke kijana, jasho linamtiririka, mikono yake imemshika mtoto kwapani. Alikuwa ameketi kwenye kigoda. Mapaja yake ndiyo kiti, kifua chake ndiyo egemeo. Akamsalimia Inspekta kwa adabu, akavua kandambili kubwa za kahawia alizovaa, akavaa viatu vyake vilivyokanyagwa, akaenda zake.

"Mzee," Inspekta akasema polepole, "unawafanyia wote hivyo?"

"Wasiojua kukaa, wote. Ulitaka niwafunge kamba?"

"Kwa nini mama asiketi tu akaonekana?"

Bwana Cheka akapangusa kuku kwa shati. "Mkeo akizaa utaelewa. Wanakuja hapa nywele hazijachanwa, gauni lina maziwa, macho mekundu. Kila mmoja ananiambia, mzee, mimi usinipige picha, mpige mtoto tu. Basi nawafunika. Watoto wa mji huu wote wamekaa juu ya mama zao, na hakuna anayewaona."

Inspekta akaweka picha mezani. "Huyu. Nani alikuwa chini ya kitambaa?"

"Mamaye."

"Umeandika jina la nani?"

"La aliyekuja kuichukua."

"Si la aliyepigwa picha?"

"Aliyepigwa hajui kutamka jina lake, kijana. Na mama akishapigwa anaweza kupotea mwaka mzima. Mimi naandika picha inapotoka mlangoni, nijue imekwenda na nani."

"Na tarehe ya muhuri?"

"Siku niliyochapisha. Nachapisha Ijumaa."

Inspekta akakunja uso. "Asubuhi nilikupigia simu nikakuuliza."

"Uliniuliza jina lililoandikwa ni la nani. Nikakusomea." Mzee naye sauti ilianza kupanda. "Hukuniuliza nani alikuja na mtoto. Ungeniuliza ningekuambia. Nilikuwa nafungua mdomo, wewe ukasema asante, inatosha. Sasa unanijia na uso huo kana kwamba mimi ndiye mwizi. Miaka thelathini nafanya kazi hii, hakuna mtoto aliyepotea hapa."

"Amepotea leo, mzee. Nimempoteza mimi. Nionyeshe picha yenyewe, kabla hujaikata."

Hilo lilimtuliza mzee kuliko ambavyo samahani ingemtuliza. Akawasha kompyuta.

Picha nzima ilikuwa pana kuliko ile ya mkobani. Pembeni yake, kwa tarakimu ndogo, kamera ilikuwa imeandika siku yake yenyewe: Jumamosi. Inspekta akahesabu kwa vidole kama mtoto wa shule. Kupigwa, Jumamosi. Ajali, Jumanne. Kuchapishwa, Ijumaa. Asubuhi alikuwa na siku mbili za mwisho tu, na kwa hizo mbili akajenga nyumba nzima.

Halafu akaona miguu. Chini ya kitambaa zilichungulia ncha za viatu, vya kahawia, vipana. Akaruka. "Viatu hivi. Tukijua nani ana viatu hivi..."

"Umeviona vikivuliwa sasa hivi," Bwana Cheka akasema. "Ni kandambili za studio. Viatu vyao vinachafua kitambaa changu."

Inspekta akakaa chini tena.

"Tarehe yako ni nzuri," akasema, "lakini haitoshi. Atasema alimleta Jumamosi hiyohiyo, mwenzake akiwa cherehanini. Nataka mtu. Ikuze hapa, kwenye mbavu za mtoto."

Mzee akakuza. Chini ya kwapa la mtoto kitambaa kilikuwa kimevutika, na vidole viwili vilikuwa vimetoka nje, vimembana mtoto kwa nguvu ya mtu anayeogopa kuangusha. Ndivyo vitu ambavyo Bwana Cheka huvikata anapochapisha: vidole, kandambili, pindo. Kidole cha shahada kilikuwa na kucha iliyopasuka katikati, na kovu jeusi limeshuka mpaka kwenye nyama.

"Sindano ya cherehani," mzee akasema. "Marehemu mke wangu alikuwa nayo kama hiyo. Mkono wa kushoto ndio unaosukuma kitambaa."

Kidole hicho kilikuwa kimegonga meza ya Inspekta asubuhi, umbali wa rula moja kutoka kwenye kalamu yake. Alichoandika ni kwamba mtoto amelia.

"Ichapishe. Kubwa kadiri unavyoweza."

"Leo si Ijumaa."

Inspekta akamtazama. Mzee akachapisha.

"Huyo aliyekuja kuichukua alirudi wiki iliyopita," akasema wakati mashine ikinguruma, "akataka nakala ya pili, ile niliyochapisha pamoja na ya kwanza. Ya kwanza alimtumia mumewe, anafanya kazi mbali, hajarudi nyumbani mwaka sasa. Akaniambia mume anaionyesha kila mtu. Akasema Jumamosi wanamfuata, yeye na mtoto, kwa basi la saa saba."

"Jumamosi ipi?"

"Wewe ndiye mwenye kalenda za watu, kijana. Leo ni siku gani?"

Ilikuwa saa sita na dakika kumi.

Inspekta alimpigia Sajini akiwa kwenye ngazi. Walikutana kwenye kituo cha mabasi, Sajini akimsaidia fundi kushuka garini, fundi akikataa kusaidiwa. Inspekta akavua kofia.

"Dada, nimekosea."

"Najua," fundi akasema. "Niombe msamaha mwanangu akiwa mkononi. Sasa hivi unanizibia njia."

Shangazi alikuwa ameshaketi ndani ya basi, dirishani, mtoto amelala mapajani, mizigo miwili imefungwa vizuri. Hakupiga kelele. Alishuka kwa heshima zote, akiwaomba radhi abiria, na hilo lilimkasirisha Inspekta kuliko matusi. Mkatisha tiketi akawaachia ofisi yake: meza moja, viti viwili, dirisha dogo ambalo papo hapo lilijaa nyuso za wasafiri. Sajini akalifunga.

"Swali dogo tu, shangazi," Inspekta akasema kwa upole. Asubuhi alikuwa ametumia ukali wake mwingi kwa mtu asiyestahili. Sasa alikuwa anaulinda uliobaki. "Ile picha. Wewe ndiye uliyempeleka mtoto?"

"Nilishasema."

"Lini?"

"Kabla haijachapishwa, mwanangu. Jumamosi."

Inspekta alikubali kwa kichwa, kama aliyetegemea jibu hilo. "Siku hiyo ulikuwa umesimama wapi?"

"Karibu na mpiga picha. Nilikuwa namwonyesha mtoto kuku, yule kuku wao wa plastiki, ili acheke."

"Kuku ulimshika wewe?"

"Mimi."

"Kwa mikono yote miwili?"

Shangazi akamweka mtoto vizuri mapajani. "Mmoja. Mwingine nilikuwa nampungia mtoto."

"Na mtoto nani alimshika?"

"Hakushikwa. Mwanangu alijua kukaa mapema, hata watu walishangaa. Amekaa kitini mwenyewe, si unaona?"

Sajini alitoa pumzi puani.

"Naona," Inspekta akasema. Akaikunjua karatasi ya Bwana Cheka juu ya meza, ikafunika tiketi, muhuri na kikombe cha mwenye ofisi. "Mzee yule ana mkono mmoja wa kamera na mmoja wa kuku. Hajawahi kumpa mtu kuku wake. Na mama hasimami karibu naye, hata siku moja, kwa sababu mama huwa chini ya kitambaa. Kila mwanamke aliyewahi kumpeleka mtoto pale anakumbuka joto la kile kitambaa. Wewe unakumbuka kuku, kwa sababu ulipokwenda kuchukua picha ulimwona mezani."

Shangazi aliinamia karatasi. Macho yake yalikuwa kwenye vidole viwili.

"Niwekee mikono hapa, shangazi."

"Nimempakata mtoto."

"Sajini atampakata."

Mikono ikaja. Kucha kumi, nzima, zimepakwa rangi ya waridi. Inspekta hakuwa amemwambia fundi afanye lolote, lakini fundi aliegemeza mkongojo ukutani, akachechemea hatua mbili, akauweka mkono wake wa kushoto juu ya karatasi kando ya ule wa picha. Kucha iliyopasuka ikalala ubavuni mwa kucha iliyopasuka.

Nje ya dirisha dereva alipiga honi ya kuwaita abiria.

"Haya," Shangazi akasema. Sauti ya taratibu ilikuwa imemwisha. "Haya, na iwe hivyo. Nani aliyeamka naye? Alipopata homa, siku tatu, nani alimbeba akizunguka chumbani? Meno yale mawili, nani aliyaona kwanza? Wewe ulikuwa umelala unaletewa uji. Ungekufa, angekuwa wangu, na hakuna ambaye angeuliza. Nilingoja ufe, nasema kweli, kwa sababu hukustahili kurudi."

"Shangazi," Sajini akaanza.

"Mniache niseme. Miaka kumi na mmoja mume wangu ananiuliza mtoto yuko wapi. Kumi na mmoja. Sasa picha hii iko ukutani kwake, wenzake kazini wanaijua, mama yake ameibusu. Anaamka anaitazama. Mnataka nimwambie nini? Na mtoto mwenyewe muulizeni anamtaka nani. Mlimsikia asubuhi. Wewe afande ulimsikia, ukaandika."

"Niliandika," Inspekta akasema. "Ni kosa langu la pili leo. Hajasahau mama yake kwa kupenda. Umemsahaulisha kwa kumficha."

"Mama yake." Shangazi alipiga meza, mtoto akazinduka mikononi mwa Sajini. Akaichomoa picha yake ndogo mkobani, ile iliyokatwa vizuri, akamsogezea fundi puani. "Mama gani? Huyu hapa mtoto, gauni, kiti, basi. Mume wangu ameitazama mara mia, hajakuona. Polisi wameitazama, hawajakuona. Wewe mwenyewe itazame. Uko wapi hapa? Nionyeshe ulipo."

Fundi hakuitazama picha. Alikuwa ameshanyoosha mikono kwa Sajini.

"Hicho alichokalia," akasema, "ni mimi."